Kutoa bila daftari: mwongozo kwa Mkristo anayetaka kutoa na kuachilia

Karibu kila nyumba iliyooa au kuozesha miaka ya karibuni ina orodha ya michango. Zamani ilikuwa daftari la mistari lenye jalada gumu. Siku hizi ni ujumbe mrefu kwenye grupu la WhatsApp: jina, ahadi, alichotoa, baki. Harusi ikiisha, orodha haitupwi. Siku kadi ya mchango ikiletwa na mtu, inafunguliwa. "Huyu alitupa ngapi?" Alitoa elfu hamsini, anapelekewa hamsini, au sabini kwa kuwa vitu vimepanda bei. Hakutoa kitu, kadi yake inakaa juu ya kabati mpaka tarehe ipite.

Sina ugomvi na utaratibu huo. Ni kikoa, yaani kuchangiana kwa zamu, na mla cha mwenzie na chake huliwa. Bila kikoa hicho wengi wetu tungeoa kwa mkopo na kuzika kwa mkopo. Ugomvi wangu ni pale tunapokiita sadaka. Kwenye Luka 14 Yesu amealikwa chakula siku ya sabato, nyumbani kwa mkubwa mmoja wa Mafarisayo, naye anamwambia mwenyeji wake asiwaite rafiki, ndugu, jamaa wala jirani wenye mali. Hasemi kwamba watu hao ni wabaya. Anasema nao watakualika, "ukapata malipo". Waite maskini, vilema, viwete na vipofu, "kwa kuwa hao hawana cha kukulipa".

Ukiisoma taratibu utaona hakumwagiza abadili hisia zake. Alimwagiza abadili orodha ya waalikwa. Ndiyo njia nitakayofuata hapa: badala ya kukaa ukijipima kama moyo wako umetakata, ipange zawadi yenyewe isiwe na njia ya kurudia. Yesu huyo huyo alisema hazina yako ilipo ndipo utakapokuwapo na moyo wako, kwa hiyo anza kuhamisha hazina.

Kwanza, tenga fungu lake

Fedha unayotoa kwa mwezi igawe mafungu matatu. La kwanza ni la kanisa: zaka, ahadi, bahasha ya jengo. La pili ni la kikoa: harusi, sendofu, kipaimara, misiba, mfuko wa ukoo. La tatu ni la kuachilia. Hili linakwenda kwa watu wasioweza kukurudishia, na hutaandika popote jina la aliyelipokea.

Mafungu mawili ya mwanzo yana wenyewe. Matangazo ya Jumapili yatakukumbusha la kwanza, na mweka hazina wa kamati atakupigia simu kuhusu la pili, tena saa ambayo umeshika usukani. La tatu halina wa kulidai, ndiyo maana huliwa na mengine. Usipolitenga siku ya mshahara au siku ya mauzo, halitakuwepo. Paulo aliwapa Wakorintho utaratibu huo huo: siku ya kwanza ya juma kila mtu aweke akiba kwake, kwa kadiri ya alivyofanikiwa. Na ile changizo ilikuwa ya maskini wa Yerusalemu, watu ambao Mkorintho wa kawaida asingekutana nao maishani mwake.

Kwa anayepata laki sita kwa mwezi, elfu ishirini inatosha kuanzia. Wa kibarua anaweza kutumbukiza mia tano kwenye kibubu kila siku aliyopata kazi. Mwenye laini mbili za simu aiweke kwenye ile asiyonunulia vocha. Mkulima ana njia ya zamani zaidi: Walawi 19 inakataza kuvuna mpaka pembe za shamba na kuokota masazo, hayo ni ya maskini na mgeni. Debe mbili za mahindi zikiwekwa pembeni siku ya kupukuchua, hazitaingia kwenye hesabu ya ada wala ya mbolea.

Kiasi kikuume kidogo, kisikuangushe. Hapa huwa analetwa mjane wa Marko 12 aliyetia senti mbili, riziki yake yote, na wako wahubiri wanaomtumia kuwavua watu mpaka kodi ya nyumba. Mistari michache kabla ya mjane huyo, Yesu alikuwa akiwalaumu waandishi wanaokula nyumba za wajane. Mtu akikuhimiza utoe usichonacho, muulize kama aliisoma sura nzima.

Kama una mwenzi, kubalianeni kiasi kabla. Fungu la siri ndani ya ndoa huzaa ugomvi, na ugomvi huo utamfikia uliyemsaidia hata kama hana kosa. Wakishakubali wawili, si lazima kila shilingi ijadiliwe. Nyumbani wale kwanza. 1 Timotheo 5:8 haina huruma na mtu anayelisha mtaa huku wa kwake wamelala njaa.

Tafuta aliye nje ya mzunguko wako

Hatua hii ndiyo inayoamua karibu kila kitu. Mfanyakazi mwenzio atakukumbuka siku yako. Jirani mwenye duka atakukopesha sukari. Hata binamu, ukimpa leo, ukoo mzima unajua na siku moja itasemwa kikaoni. Wape wote hao, ila utoe kwenye fungu la pili. Fungu la tatu litafutie mtu ambaye wewe na yeye hamna daftari la pamoja.

Wako karibu kuliko unavyodhani. Nenda hospitali ya serikali saa ya kuona wagonjwa. Vitanda vingi vitakuwa vimezungukwa: hotipoti la ndizi, chupa ya chai, shangazi anayepepea na kipande cha boksi. Kisha utaona kitanda kimoja ambacho juu ya kabati lake dogo kuna kikombe cha plastiki tu, na mgonjwa wake amegeukia ukutani ili asionekane akitazama mlango. Usimkimbilie na chipsi. Muulize muuguzi wa zamu mgonjwa yule anaruhusiwa kula nini, na kama ana dawa aliyoandikiwa ambayo haijanunuliwa. Mara nyingi anayo.

Mwalimu wa darasa naye anajua mengi. Tanzania ada ya shule za serikali ilifutwa tangu 2016 kuanzia msingi hadi kidato cha nne, lakini sare, viatu, madaftari na mchango wa chakula vipo palepale, na mtoto anayekosa shule Jumatatu mara nyingi amekosa kitu cha elfu kumi. Balozi wa nyumba kumi anajua nani amefiwa na hana ndugu. Mlinzi wa usiku anayelinda duka lisilo lake, mama anayefagia barabara alfajiri, kijana aliyetoka gerezani na ambaye hakuna anayetaka kumpa kazi: wote hao wanapitwa kila siku na watu wanaokwenda ibada ya kwanza.

Jumuiya ndogo ndogo au mtaa wako wa kanisa ni mahali pazuri pa kuuliza, mradi usiishie kwa wanaohudhuria tu. Asiyekuja jumuiya mara nyingi ndiye aliyeona aibu kuja mikono mitupu. Na mpe pia asiye wa dini yako, bila kumwekea kipeperushi cha mkutano wa injili ndani ya mfuko wa unga. Msamaria yule hakumuuliza majeruhi anaabudu mlima gani.

Ukiona uzito kwenda peke yako, nenda na mwenzako. Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, kilichoanzishwa Paris mwaka 1833 na Frédéric Ozanam na wanafunzi wenzake, mpaka leo huwatuma wanachama wawiliwawili kuwatembelea wahitaji majumbani, na kwenye vikao vyao mfuko wa mchango huzungushwa kwa siri, kila mtu akiingiza mkono bila mwingine kujua alichoweka. Si lazima uwe Mkatoliki kuiga hilo.

Uliza, kisha lipa panapouma

Yakobo anamcheka mtu anayemwambia mwenye njaa aende kwa amani, akaote moto na kushiba. Lakini kuna kosa la upande wa pili, nalo ni kumpelekea mtu ulichokiona wewe kuwa kinamfaa. Vituo vya watoto yatima vinajua: Desemba na Pasaka mchele unafika mpaka unaingia wadudu, sabuni za kipande zinajaa stoo, huku bili ya maji haina mlipaji na watoto wanaumwa meno. Piga simu kabla ya kwenda. Uliza swali moja: "Mwezi huu mmekwama wapi?" Kisha lipa hapo hapo walipokwama, hata kama hapapendezi machoni.

Tazama Msamaria alivyofanya. Alitoa dinari mbili, kama ujira wa siku mbili za kibarua, akampa mwenye nyumba ya wageni. Hakumkabidhi majeruhi. Akasema kitakachozidi atalipa akirudi, akaenda safari yake. Majeruhi alipopata nafuu hakuwa na deni kwa mwenye nyumba, na Injili haituambii kama aliwahi kujua jina la aliyemlipia. Ndivyo unavyoweza kufanya dukani. Maduka mengi ya mtaani yana daftari la mkopo chini ya kaunta, kalamu imefungwa kwa uzi wa mfuko wa sandarusi. Kama unamfahamu mwenye duka kuwa ni mtu wa kufunga mdomo, mwambie, "Yule mama wa watoto watatu, mfutie. Akiuliza, sema limelipwa." Kama ni msemaji, usithubutu, utakuwa umemtangazia mama wa watu umaskini wake kwa bei ya kilo mbili za unga. Famasi, ofisi ya shule na dirisha la malipo hospitalini hutunza siri vizuri zaidi.

Haimaanishi fedha mkononi ni mbaya. Mtu mzima anajua shida zake, na kuna wanaotoa vitu tu kwa sababu hawamwamini maskini na noti. Ukimtumia kwa simu, tuma na ya kutolea. Elfu kumi iliyokatwa ada kwa wakala si elfu kumi tena, naye hatakwambia.

Ficha mkono, na ukishindwa kuuficha, ukiri

"Hata mkono wako wa kushoto usijue ufanyalo mkono wako wa kuume." Simu imelifanya agizo hili kuwa gumu, maana muamala unaingia na majina yako yote. Pitishia kwa mtu: katekista, mzee wa kanisa, mwalimu, au kwenye mfuko wa diakonia, ule wa kanisa wa kusaidia wahitaji. Mpokeaji aambiwe tu imetoka kwa waumini. Barnaba alipouza shamba lake katika Matendo 4, fedha aliiweka miguuni pa mitume, na kila mtu akagawiwa kwa kadiri ya alivyohitaji. Jina la Barnaba tunalijua. Hakuna mjane aliyelazimika kumwamkia kwa heshima zaidi kwa sababu ya lile shamba.

Kuna kutoa ambako hakufichiki. Kwenye sharika nyingi za Kilutheri, hasa Kilimanjaro, ibada ikiisha watu wanatoka nje kwenye mnada wa sadaka za mazao. Bibi kaleta mayai manne kwenye kitambaa, mwingine mkungu wa ndizi, mwingine jogoo aliyefungwa miguu. Mnadishaji anajua kuchokoza: "Yai la Bwana, elfu mbili! Elfu tatu kwa baba mwenye suti!" Baba mwenye suti anafika elfu kumi kwa yai moja, watu wanapiga makofi. Napenda sana mnada ule, na sioni dhambi ndani yake, ila mtu asiupeleke kwenye hesabu ya sadaka ya siri; yale makofi ni malipo tayari, Yesu alishasema. Ukitaka kuongeza kitu juu yake, nunua mkungu, kisha mtazame bibi aliyesimama pembeni bila kununua chochote, umkabidhi wakati watu wanatafuta viatu vya watoto. "Shikamoo bibi, huu nisaidie kuubeba mpaka kwako." Ataelewa.

Picha ni jambo jingine. Usimpige picha mtu anayepokea chakula. Usimpange mtoto mbele ya magunia ukampa kipande cha karatasi chenye jina la kikundi chenu. Kumbukumbu la Torati 24 linamkataza hata mkopeshaji kuingia nyumbani kwa mdaiwa kuchukua rehani. Asimame nje, mwenye nyumba amletee. Kama mwenye haki ya kudai anaambiwa asimame nje, mwenye kutoa anaingiaje na kamera mpaka chumbani? Wafadhili wa kikundi wakitaka ushahidi, piga picha stakabadhi.

Na ukubwa wa zawadi haubadili kanuni. Novemba 2024 Rais William Ruto alitoa fedha katika Kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi. Siku iliyofuata Askofu Mkuu Philip Anyolo akatangaza kwamba zitarudishwa, akieleza kuwa kanisa lisitumike kwa siasa. Wakenya walibishana sana juu ya hilo. Mimi nilijifunza upande wa mpokeaji: naye ana ruhusa ya kukataa kilichofungwa kamba. Basi ukitoa, fikiria kama mtu huyo angeweza kukukatalia bila kuumia. Kama hawezi, punguza sauti.

Ukiombwa mkopo

Hapa ndipo urafiki mwingi unafia, kwa hiyo nakaa kidogo. "Kaka, nisaidie elfu hamsini, mwisho wa mwezi nakurudishia." Unajua hatarudisha. Yeye mwenyewe nusu anajua. Unampa, kimoyomoyo ukisema ni sadaka. Mwisho wa mwezi unapita, unaanza kutazama kama ameweka picha ya viatu vipya. Yeye akikuona sokoni anapinda uchochoro. Umepoteza fedha na mtu pia, na sadaka haikuwepo.

Luka 6:35 inasema "kukopesha msitumaini kupata malipo". Kwa vitendo, jiulize swali kabla ya kufungua simu: hii ikipotea kabisa, mwezi wangu unakwenda? Kama ndiyo, usiikopeshe. Mpe, na umwambie waziwazi:

"Mdogo wangu, hamsini sina. Hii hapa kumi na tano, na siyo mkopo. Sikudai, hunidai."

"Hapana kaka, nitakurudishia."

"Ukija kupata, mpe mwingine aliyekwama. Mimi usinitafute kwa ajili ya hii."

Maneno hayo yasemwe yakasikika. Ukiyaweka moyoni tu, yeye ataendelea kupinda uchochoro. Na kama jibu ni kwamba huwezi kuipoteza, una njia mbili za heshima: kataa kwa upole bila hadithi ndefu, au kopesha kama mkopo wa kweli, kwa maandishi, tarehe na shahidi, bila kuuvika joho la sadaka. Kilicho katikati ndicho kinachoharibu.

Chunguza malipo yasiyo ya fedha

Wengi tunajiona wasafi kwa kuwa hatutaki fedha irudi. Lakini kuna malipo mengine, na mengine ni ghali kuliko fedha.

Kuna anayemchukua binti wa dada yake kijijini "nimsomeshe mjini". Binti anafika Januari. Kufikia Machi anaamka saa kumi na moja, anapika uji, anafua, anapeleka watoto kwenye gari la shule, na masomo yake yamekuwa cherehani ya jioni, siku zile ambazo hakuna wageni. Mwenye nyumba akiulizwa anasema anamsaidia. Huyo ana mfanyakazi asiyemlipa. Ukitaka kumsomesha binti, msomeshe akiwa kwao au bwenini, au akikaa kwako afanye kazi za nyumbani sawa na watoto wako, wala kikombe kimoja zaidi.

Kuna anayelipia kijana chuo, kisha anachagua kozi, baadaye mchumba, baadaye anataka awe wa kwanza kuamkiwa kikaoni. Kuna anayemsaidia mwimbaji wa kwaya na kutegemea kura yake kwenye uchaguzi wa wazee wa kanisa. Kuna anayetaka tu kutajwa kwenye shukrani, na akirukwa anahama ibada. Kuna mchungaji, nasema kwa heshima, anayempa mtu msaada wa mfuko wa diakonia kisha akamuuliza mbona haonekani Jumapili.

Malipo magumu zaidi kuyakamata ni yale tunayomdai Mungu. "Panda mbegu ya laki moja uvune gari." Mstari unaonukuliwa ni Luka 6:38, wapeni watu vitu nanyi mtapewa, lakini ukianza mstari wa 30 utaona maneno yanayoutangulia ni kumpa kila akuombaye, kuwapenda adui, kukopesha bila kutumaini kurudishiwa na kuwa na huruma. Ahadi imewekwa juu ya msingi huo. Mithali 19:17 nayo inasema amhurumiaye maskini humkopesha BWANA, naye atamlipa. Na Luka 14 inasema lini: katika ufufuo wa wenye haki. Thawabu ipo. Ila tarehe yake haiko mikononi mwako, na anayekupangia ije kabla ya mwisho wa mwaka anauza kitu.

Kipimo cha nyumbani ni ugomvi. Siku mkikosana na uliyemsaidia, sikiliza kinachokujia mdomoni. Kama ni "pamoja na yote niliyomtendea", kulikuwa na daftari. Hakuna haja ya kujichapa; funga mdomo pale pale, na mara ya pili toa kwa kupitisha kwa mtu mwingine ili jina lako lisiwepo kabisa.

Asiposhukuru, na akirudi na kuku

Fadhila ya punda ni mateke, tunasema, kisha tunatumia methali hiyo kufunga mkono. Wakoma kumi walitakaswa, akarudi mmoja, Msamaria. Yesu aliuliza, "Wale tisa wa wapi?" Kwa hiyo kuona kwamba mtu hakushukuru si dhambi, yeye mwenyewe aliona. Lakini wale tisa hawakurudishiwa ukoma.

Usimfuatilie mtu kujua alitumiaje. Ulichompa si chako tena. Kama ulimpa mama fedha ya chakula akanunua vitenge vya kwenda navyo msibani, huenda kukosa sare ya msiba kulimuuma kuliko njaa ya siku ile. Wewe hujawahi kusimama peke yako bila sare kwenye familia ya mumeo. Ukiona kweli inaangamiza, kama pombe, badili njia: lipa shuleni, lipa famasi, nunua unga. Usibadili njia kwa sababu hakukuamkia.

Upande wa pili unasahaulika zaidi. Mtu uliyemsaidia mwaka jana anakuja asubuhi na kuku chini ya kwapa au parachichi kwenye kikapu. Wako Wakristo wanaokataa: "Hapana mama, nilitoa kwa ajili ya Bwana." Wanadhani ni unyenyekevu. Mama anarudi na kuku wake njia nzima, watu wakimwona. Pokea. Shukuru kwa sauti, mkaribishe chai, umwulize shamba lake linaendeleaje. Umempa bila kudai, naye anakupa bila kudaiwa, na leo amekaa kwenye kiti chako kama mgeni wa kawaida. Usimtoe na bahasha mkononi siku hiyo hiyo, maana utakuwa umemlipa kuku wake. Mchinje, mle.

Unapolazimika kusimamisha

Msaada wa kila mwezi una hatari yake: unakuwa mshahara wa mtu, na siku ukikatika ghafla unaumiza kuliko kama usingeanza. Tangu mwanzo sema muda. "Nitalipia chakula cha shule mpaka mwisho wa muhula" inaeleweka na pande zote mbili. "Nitakuwa nawasaidia" haieleweki na mtu yeyote.

Ukipoteza kazi au biashara ikiyumba, usinyamaze wala usizime simu. Mpigie mapema, kabla ya tarehe aliyozoea, umwambie ukweli kwa maneno machache na bila kuomba radhi kana kwamba ulikuwa unadaiwa. Kama ni mwanafunzi, jitahidi umalize muhula. Shule zikifunga, familia ina wiki kadhaa za kutafuta njia nyingine. Mweleze pia mzee wa kanisa au mwalimu aliyekuunganisha naye, ili kama kuna mtu mwingine mwenye fungu lisilo na jina, aweze kuendelea mlipoishia. Na wewe kwenye kipindi hicho ukiletewa unga na mtu usiyemjua, upokee.